Cheti cha Janet

Sidi alikuwa anamenya mihogo ya kwenda kukaanga kibandani kwake kwenye ufuo wa Mama Ngina, mara Janet akaingia analia. Janet ni bintiye wa pili, ana miaka kumi na mitatu. Alikuwa amekwenda kujiandikisha kwa mbio za mita mia nane za wasichana wasiozidi miaka kumi na minne. Akarudishwa. Aliambiwa jina lake limo daftarini tayari, na kwamba mwenye jina hilo aliyeshinda mbio za mwezi jana ni msichana mwingine.

Ashinde wapi, na hajakimbia hata siku moja? Aliyekimbia ni dadake, Mercy, wa miaka kumi na sita. Kocha wake, Maxwell, alikuja kumwomba Sidi cheti cha kuzaliwa cha Janet ili Mercy akitumie. Alisema kila timu hufanya hivyo, ni karatasi tu. Sidi akakitoa. Mercy akavishwa medali, na majirani wa Makadara wakapiga vigelegele.

Sidi akatupa kisu, akajifunga leso kibwebwe, huyo mpaka kwa jirani yake, Bi Mwanarusi, aliyeanza kuandikisha wakimbiaji mwezi huu. Alianza kufoka angali mlangoni. Wanamwonea mtoto wake! Maskini hana wa kumtetea! Bi Mwanarusi akamwacha amalize, akampa kiti, kisha akamuuliza yule Janet aliyeshinda mwezi jana alikuwa nani.

Sidi akainama. Uongo ungemfaa nini tena, na mtoto analia nyumbani? Akasema kweli yote.

Sasa ikawa zamu ya Bi Mwanarusi kukasirika. Hakupaza sauti.

"Mama Mercy, unamjua Fadhiya wa kule karibu na Ngome ya Yesu? Ana miaka kumi na mitatu. Siku ile alikuwa wa pili. Alijiona hafai, kumbe alishindanishwa na msichana mkubwa. Ameacha mazoezi. Medali ile mmemwibia."

"Kocha alisema kila mtu hufanya."

"Kila mtu nani? Katika michezo ya dunia, kabla ya mashindano, huapishwa wachezaji kwa niaba ya wenzao wote kwamba watafuata kanuni. Kwa nini? Kwa sababu bila haki hakuna mchezo. Mchezo ni kujipima nguvu kwa ukweli, na kumheshimu unayeshindana naye. Ukishindwa kwa haki, heshima yako unayo. Ukishinda kwa hila, huna kitu. Na mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mmekula cha Fadhiya, leo chaliwa cha Janet."

Sidi alirudi kwake moyo unamchoma. Alimkasirikia Maxwell, tena sana. Lakini mkono uliotoa cheti ulikuwa wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake alimchukua Mercy na ile medali, wakaenda kukiri mbele ya kamati ya mashindano. Mercy alifungiwa msimu mzima. Maxwell alifukuzwa ukocha. Akaja kibandani kumtukana Sidi mbele ya wateja, akimwita msaliti.

"Ondoka mbele ya mihogo yangu," Sidi akamwambia. "Umenifundisha wizi, nami mjinga nikakubali. Sasa basi."

Kamati iliwaamuru wampelekee Fadhiya medali yake. Mercy aliitoa kwa mikono miwili, akaomba radhi. Fadhiya hakutabasamu. Aliitazama, kisha akauliza, "Na ungekimbia na wa rika lako, ungekuwa wa ngapi?"

"Sijui," Mercy akasema. "Sijawahi kujaribu."

Tangu siku hiyo Mercy hufanya mazoezi kila asubuhi na wasichana wa umri wake, akingoja msimu ujao. Mara nyingi huwa wa mwisho. Hukasirika, kisha kesho yake huenda tena.

Jina la Janet lilisafishwa, akaruhusiwa kukimbia. Siku zote hizo alikuwa hamsemeshi mamake. Siku ya mbio Fadhiya alikuja pia, akashinda, na safari hii alicheka. Janet alifika wa nne, anahema, magoti yamejaa vumbi. Akampita Bi Mwanarusi, akampita dadake, akaenda moja kwa moja hadi kwa mamake.

"Mama," akasema, "wa nne ni mimi mwenyewe."

Sidi akamkumbatia, akalia mbele ya watu wote.