Mama, Zima Hiyo Kompyuta!

Mshale ulikuwa unatembea wenyewe...

Jamani, nimeshika simu, natazama kioo cha kompyuta yangu iliyoko nyumbani, umbali wa safari ya basi kutwa nzima. Sijagusa kitu. Na mshale unatembea!

Ukafungua folda ya filamu yangu. Ukabonyeza. "Inanakiliwa..."

Na mimi niko wapi? Ndani ya lifti! Imegoma katikati ya ghorofa na milango haitaki kusikia la mtu. Tuko watatu: mimi, baba mmoja mnene na boksi lake la karatasi, na dada wa usafi na ndoo yake.

"Tulieni, fundi anakuja," sauti ikatoka kwenye kispika.

Fundi gani? Tangu aanze kuja!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mhariri wa video. Kampuni yetu ilikuwa inapunguza watu. Wahariri tulibaki wawili, nafasi moja. Kila mmoja aende makao makuu na filamu yake, mabosi watazame, mmoja abaki na kazi. Mwenzangu nilisoma naye, nimekula naye sahani moja, kwangu anaingia bila hodi. Namwita Kaka.

Siku ya safari filamu yangu ilikuwa bado haijaiva. Wahariri mnanielewa: ukimaliza kukata na kuunganisha, kompyuta lazima iipike video nzima, na yangu ni nzito, ingekesha jikoni.

"Sista, usihangaike," Kaka akasema. "Nakuwekea programu, unaingia kwenye kompyuta yako popote ulipo. Ikiiva, unaivuta."

Akaweka. Paswedi akachagua yeye mwenyewe. Nikamshukuru, na soda juu!

Tatizo likabaki moja tu. Mama mkwe.

Mama mkwe wangu anazima vitu. Taa, feni, redio ambayo bado unaisikiliza. Chaja anachomoa simu ikiwa hoi. Mimi na mume wangu tulishampa jina, la chumbani tu. Silitaji kwanza.

Nikamkalisha chini.

"Mama, nakuomba, kompyuta hii usiizime. Akwambie nani, akwambie nini, usiguse."

"Hata ikitoa moshi?"

"Mama!"

"Haya, mkwe wangu. Sigusi."

Nikaondoka roho kwatu.

Sasa turudi kwenye lifti. Filamu ndiyo kwanza imeiva, nami nilifungua simu niivute.

Nikampigia Kaka. Yeye alishafika juu, yuko ukumbini na mabosi.

"Kaka! Kuna mtu ndani ya kompyuta yangu!"

"Aah, si mama mkwe huyo anachezea mausi?"

Nikatupa jicho kwenye kioo. Mshale umesimama. Tuli.

"Kwani uko wapi, sista?"

"Nimekwama kwenye lifti!"

"Pole sana. Tulia hapo hapo."

Akakata. Mshale ukaanza kutembea!

Nikapiga tena. Ukasimama. Akakata... ukatembea.

Nikakaa juu ya ndoo ya dada wa usafi bila hata kuomba. Kaka? Kaka yule yule?!

Nikajaribu kuuvuta mshale kwa kidole. Mimi navuta kulia, yeye anavuta kushoto. Mara yakatokea maandishi: "Huna tena ruhusa ya kuongoza kompyuta hii." Kaninyang'anya usukani, kaniachia macho tu! Kunakili kumefika nusu, na pembeni kuna kidirisha kingine kinasubiri zamu yake: "Futa vyote?"

Anaichukua, halafu anafuta. Mimi nitoke humu nikaonyeshe nini? Nikagonga milango mpaka mikono ikaniuma. Milango kimya.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuniokoa. Nikampigia.

"Mama! Zima hiyo kompyuta! Chomoa kabisa!"

Kule nikasikia redio ikizimwa.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Sizimi."

"Mama!!!"

"Mkwe wangu mwenyewe kanikataza. Halafu Kaka yake kanipigia asubuhi, kasema kuna matapeli wanaiga sauti za watu, mpaka namba zao. Kasema watapiga wanalia, wanataka nizime. Na wewe unalia."

Nyie! Mtu alishafunga na mlango wa mwisho!

"Mama, ni mimi! Mke wa mwanao!"

"Hilo hata muuza duka analijua."

"Basi niulize chochote!"

Akafikiri. Kule kunakili kunaenda tu. Robo imebaki...

"Haya. Mkwe wangu na mwanangu wakijifungia chumbani, kuna jina wananiita. Wanadhani sisikii. Kama ni wewe kweli, litaje."

Ardhi ipasuke nizame! Baba wa boksi akasogeza sikio. Dada wa usafi akaacha hata kutafuna bigijii.

"Mama, jamani..."

"Litaje au nakata."

"Mama... Mama Swichi."

Baba wa boksi akakohoa, na najua alikuwa anacheka.

"Ee. Ndiye wewe," mama akasema. "Subiri Mama Swichi afanye kazi yake."

Nikasikia ndala zikiburuzwa. Kisha... tik!

Kioo cha simu kikawa cheusi. Nililia mle ndani kama mtoto, dada wa usafi akinipiga piga mgongoni.

Lifti ikashtuka, ikapanda. Milango ilipofunguka nikatoka mbio mpaka ukumbini, nikasukuma mlango nikiwa tayari kwa ngumi.

Hakuna aliyenitazama. Mabosi wote wamekodolea macho ukuta.

Kaka alishaunganisha laptopu yake na projekta, anawapigia porojo huku akisubiri mzigo uingie. Dirisha la kunakili kalificha nyuma ya mengine. Lakini ile programu ilipokatika ghafla ikajileta mbele, ikaandika ukuta mzima: "Mawasiliano na KOMPYUTA YA SISTA NYUMBANI yamekatika. Filamu haijamaliza kunakiliwa."

"Hii ni kompyuta ya nani?" bosi mkubwa akauliza.

Kaka akairukia laptopu aifunge.

"Ni yangu," nikasema nikiwa mlangoni.

Waliniruhusu nirudi baadaye na filamu mkononi. Kazi ninayo mpaka leo. Kaka aliondoka siku hiyo hiyo, na ngazi alizishuka kwa miguu.

Lakini haya yote si kitu. Kilichonimaliza nilikikuta nyumbani.

Mbele ya kompyuta kulikuwa na kiti, shuka, na ndoo ya mchanga.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Nyumba yangu ya kwanza iliungua. Waya mmoja tu, tumelala." Akakunja shuka taratibu. "Ulisema nisizime. Basi nikakaa nayo."

Alikesha na kitu anachokiogopa kuliko vyote, kwa sababu nilimwomba. Na sisi chumbani tulikuwa tunacheka.

Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Jina halina ubaya," akasema. "Ila mngeniita na mimi nicheke."

Wadau, mtu akikuwekea mlango, kufuli nunua mwenyewe. Paswedi usichaguliwe, hata na ndugu. Na yule mnayemcheka hapo nyumbani, muulizeni kwanza yaliyomkuta.

Siku hizi kabla ya kulala kuna mtu anazunguka nyumba nzima akizima taa na kuchomoa chaja.

Ni mimi.