Siku Moja Kabla ya Meli

Baba hakupenda kungoja. Chai ikiwa moto, aliimimina kwenye kisahani ili ipoe upesi. Foleni ya duka ikiwa ndefu, alirudi nyumbani akasema duka limefungwa. Alikuwa fundi wa friji, na wateja wake walimpenda kwa tabia hiyohiyo. Ulimpigia simu, na kabla hujamaliza kueleza shida yako alikuwa ameshafika mlangoni.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Meza ya kukatia vitambaa ndiyo hiyohiyo waliyolia chakula. Wageni walionywa watazame pini kabla ya kuketi.

Jioni moja Baba aliingia akitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Nimekata tiketi za ndege," alisema.

Mama akaacha kushona. Binti yao, kitinda mimba, alikuwa msusi katika saluni ya meli ya kitalii. Ni meli kubwa, inayozungusha watu baharini kwa wiki moja kisha kuwarudisha palepale walipoanzia. Hawakuwa wamemwona kwa miaka miwili. Sasa kampuni yake ilikuwa imemruhusu kuwaalika wazazi wake wasafiri katika meli hiyo. Baada ya hapo angehamishiwa meli nyingine, ya mbali sana. Nafasi hii ikipita, isingerudi. Nafasi zao melini zilikuwa tayari. Kilichobaki ni ndege ya kuwafikisha kwenye mji wenye bandari.

"Tunaondoka lini?" Mama aliuliza.

"Siku ileile ya meli. Ndege inatua saa sita mchana, meli inaondoka saa kumi na moja jioni. Tunashuka hapa, tunapanda pale."

"Na kurudi?"

"Meli inafika alfajiri. Ndege yetu ni saa tatu asubuhi. Mchana niko kwa mteja."

Mlango ulikuwa wazi. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa amesimama pale na gauni lake la kupunguzwa. Jengo zima lilimwita Nahodha, ingawa kazi yake melini, kabla ya kustaafu, ilikuwa kutandika vitanda. Jina hilo halikumkera. "Nahodha anaendesha meli," alizoea kusema, "lakini analala kwenye shuka zangu."

"Shemeji," alisema, "nimesikia vizuri? Ndege na meli siku moja?"

"Umesikia vizuri. Katikati hapo nina saa tano nzima. Ulitaka niongeze ngapi? Nikakae nihesabu kunguru?"

Nahodha hakucheka. Alikitazama kiti, akatoa pini moja, akaketi.

"Siku moja meli yetu ilikuwa inang'oa nanga," alisema. "Tuko juu, tunatazama mji. Chini gatini tukaona mzee mmoja na mkewe wanapunga mikono. Abiria wakafurahi, wakawapungia. Na mimi nikawapungia. Meli ilipogeuka ndipo nikaona masanduku miguuni mwao. Hawakuwa wanatuaga, shemeji. Walikuwa wanatuita."

"Lakini wamelipa," Baba alisema. "Si ingewarudia?"

"Meli si jirani, umwambie ningoje navaa viatu. Bandarini kuna zamu, na meli nyingine inangoja gati hilohilo. Na hiyo saa kumi na moja ni saa ya kuondoka. Mlango hufungwa mapema. Soma karatasi zako."

Baba akavaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. "Mwisho wa kupanda ni saa tisa na nusu."

"Haya. Ukitoka kwenye ndege utakaguliwa pasipoti, utangoja masanduku. Toa saa moja. Kutoka uwanja wa ndege mpaka bandarini ni mbali kiasi gani?"

"Si mji mmoja?"

"Mji ni mmoja, ila uwanja uko upande wa milimani na bandari iko pwani. Nimeipita barabara ile. Malori yakijaa, ni saa mbili."

"Inabaki nusu saa," Mama alisema.

"Na hiyo nusu saa ni kama ndege haikuchelewa," Nahodha alisema. "Wewe shemeji, umewahi kupanda ndege isiyochelewa?"

"Sijawahi kupanda ndege," Baba alisema.

Hapo wote watatu walicheka, na Baba alicheka kuliko wote. Lakini alipomaliza alikunja mikono. "Hata hivyo, kwenda kulala mji wa watu, tunaitazama bahari tu? Huko ni kupoteza siku."

Mama alitoa pini mbili alizokuwa amezibana midomoni.

"Baba watoto, gauni la harusi mimi nalitoa lini?"

"Siku mbili kabla ya harusi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bibi arusi hunenepa."

"Na zipu hukatika. Na umeme hukatika. Harusi haisogei, kwa hiyo mimi ndiye ninayewahi. Meli hii ndiyo harusi yetu. Nikichelewa, mwanangu nitamwona lini tena?"

Mama akachukua chaki ya kuchorea vitambaa. Aliandika mezani kama anavyopanga kazi zake, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Meli. Kabla ya meli, gari la kwenda bandarini. Kabla ya gari, kitanda. Kabla ya kitanda, ndege.

"Hapo umenimaliza, fundi," Nahodha alisema. "Nyumba ya wageni itafuteni karibu na bandari. Gari liagizeni mapema, kwa sababu siku ya meli kila mtu anatafuta teksi. Mwambieni dereva mna masanduku mangapi na meli yenu inaitwaje, asiwapeleke gati la mizigo. Dawa na pasipoti zikae kwenye mkoba wa mkononi."

"Na kurudi?" Baba aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Kufika si kushuka. Watu ni maelfu na ngazi ni ileile. Kuna foleni, kuna maafisa wa forodha, halafu kuna malori yako yaleyale. Kata ndege ya alasiri."

"Kungoja tena," Baba alinung'unika.

Lakini kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa wakala wa tiketi, akabadilisha tarehe na saa.

Siku ya safari mvua ilinyesha, na ndege ikachelewa kuruka. Baba alizunguka ukumbi akitazama saa yake. Mara akakumbuka kwamba meli yao ilikuwa ya kesho. Akaketi karibu na Mama, akalala usingizi mpaka walipoitwa. Walifika nyumba ya wageni wamechoka. Asubuhi walikula bila haraka, gari likaja, na walifika gatini wakati ngazi ya meli ndiyo kwanza inafunguliwa. Binti yao alikuwa juu ya ngazi, amevaa sare nyeupe.

"Mama yangu," Baba alisema. Alimwita binti yake hivyo tangu utotoni.

Wiki ilikwenda mbio. Binti alikuwa kazini kutwa, na njia ya hakika ya kumwona ilikuwa kuingia saluni kama mteja. Mama alisukwa mara mbili. Baba alinyolewa mara tatu, mpaka hakikubaki cha kukatwa.

Meli iliporudi bandarini, saluni ilifungwa hadi abiria wapya wapande. Binti alipewa ruhusa mpaka mchana. Waliketi mgahawani, mkabala na lango la bandari. Alivua viatu akaweka miguu mapajani mwa mama yake. Ndipo akasimulia mambo ambayo hayasemeki mbele ya wateja: rafiki aliyempata, siku alizolia, na saluni anayotaka kufungua akirudi nyumbani.

Ndege ikapita juu yao.

"Ile ni ya saa tatu," binti alisema. "Ndiyo mliyotaka kupanda mwanzo?"

"Ndiyo hiyo," Baba alisema. "Ipite salama. Enhe, saluni utaiweka mtaa gani?"

Mhudumu alileta chai, mvuke ukipanda. Baba alikisogeza kikombe pembeni ili amwone binti yake vizuri. Hakuomba kisahani.