Bando la Bucha

Kila Jumamosi Chiriku alimsaidia baba yake buchani. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitundika simu ya duka kwenye msumari wa dirishani, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Mahoteli yaliagiza nyama kwa intaneti, na Kipara, mkata nyama, ndiye aliyekabidhiwa simu hiyo. Oda ikiingia, simu inalia, naye anashika shoka.

Asubuhi hiyo simu haikulia hata mara moja. Chiriku alijua kwa nini. Jana jioni aliwapa rafiki zake neno la siri la intaneti ya simu ile. Wakajibanza nyuma ya ukuta, wakatazama mieleka mpaka bando likaisha. Hakumwambia mtu.

Mara mlango ukapigwa teke.

"Nyama yangu iko wapi?" alinguruma mpishi wa hoteli, jitu la miraba minne. "Nimeagiza tangu jana! Harusi nzima inanisubiri!" Akaipiga ndoo teke, maji yenye damu yakatapakaa sakafuni.

Baba aliinyakua simu, akaibonyeza. Bando hakuna. Akamgeukia Kipara, macho mekundu. "Kumbe! Nakupa simu ya biashara, wewe unaangalia video!"

"Sijaigusa, bosi, haki ya Mungu..."

Ngumi ikamkata kauli. Kipara akapepesuka, akajigonga kwenye mizani, mdomo ukapasuka. Baba akamkaba shati, akamzaba kofi, akamwongeza jingine. "Toka! Usikanyage tena hapa!"

Mkono wa Kipara ulipapasa gogo la kukatia, ukashika mpini wa kisu.

Lo! Chiriku alikiona kile kisu. Akajirusha katikati yao. "Ni mimi, baba! Mimi ndiye niliyemaliza bando!" Akaeleza yote huku analia.

Baba akainua mkono ampige. Lakini Kipara alikwisha kukiacha kisu. Akaudaka mkono ule hewani, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Huyu usimpige, bosi. Akipigwa leo kwa kusema kweli, siku nyingine atanyamaza, na mimi nitauawa."

Mkono ukashuka polepole. Baba aliutazama ule mdomo uliopasuka, akaona haya.

"Jamani, na harusi yangu?" mpishi akauliza.

Wakashika mashoka, hata mpishi akavua koti akakata. Chiriku alipiga deki damu yote peke yake. Bando jipya lilipoingia, oda za tangu jana zikalia mfululizo.

Mpishi alipoondoka na nyama yake, baba alisema, "Nisamehe, ndugu yangu."

"Mimi nimekusamehe, bosi. Mdomo ndio bado."

Baba akamvuta Chiriku karibu. "Mwanangu, bando hili ndilo mlango wa duka. Uliugawa usio wako, ukafungwa. Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kunyamaza mwenzako akipigwa ngumi zilizokustahili wewe. Na mimi nimepiga kabla ya kuuliza. Kuanzia leo, wewe ukikosea sema mapema, na mimi nitauliza kwanza, kabla damu ya mtu haijamwagika."