Habari Iliyoishia kwa Shangazi

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni, na mfamasia alikuwa akibofya kitufe cha "Toa Dawa" kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Koti lake jeupe lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Ndipo akaitwa mhandisi wa programu: dada mrefu, blauzi ya zambarau, miwani kaipandisha kichwani.

"Kaka, ukikipiga hivyo kitakushtaki."

"Chenyewe ndicho kilichoanza."

Dada akacheka, akavuta kiti. Manukato yake yalishinda harufu ya dawa, na mfamasia akasahau kabisa kwamba kuna foleni.

"Njoo uone. Skrini hii ni mti. Dirisha zima la programu ndilo mzizi, ndani yake kuna paneli, ndani ya paneli fomu, ndani ya fomu kitufe chako."

"Mti gani mzizi uko juu?"

"Wa kwetu. Sasa, kitufe hakiamui kitu. Ukikibofya, kinampa habari mzazi wake, mzazi anampa babu, mpaka ifike juu kwa mwenye uamuzi. Lakini yeyote wa katikati akisema 'nimeshaishughulikia', inaishia hapo. Na wengine wa katikati huwaoni, programu yenyewe inajiongezea fremu, visanduku visivyoonekana. Ona hii. Imemeza kila ulichobofya tangu asubuhi."

Akairekebisha, dawa zikatoka. Mfamasia aliomba namba ya simu, eti kitufe kikisumbua tena. Hakikusumbua, ila alipiga kila siku.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Kitufe kizima. Anayeumwa ni mimi."

"Si umekalia dawa? Meza."

"Yangu iko kwako, mpenzi."

Mwaka ukapita, wakakubaliana kuoana. Mfamasia aliishi na baba yake na shangazi aliyemlea tangu mama yake afariki. Akafanya alivyozoea toka utotoni: akamwambia shangazi, shangazi amwambie baba. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, na kijana alimwogopa hata baada ya kuota ndevu.

Wiki sita zikapita kimya. Mhandisi akapata kazi mji mwingine, mbali, na waajiri walitaka jibu lake Ijumaa.

"Baba yako amesemaje?" aliuliza Alhamisi kwenye simu.

"Bado."

"Wiki sita? Huyo ameshasema, mpenzi. Hanitaki."

"Nipe muda kidogo."

"Nimekupa. Nimechoka kusimama mlangoni kwa watu."

Akakata simu. Alilia, tusifichane, mpaka miwani ikashindwa kuvalika.

Ijumaa mchana mfamasia alibofya kitufe, skrini ikaitikia, akabaki ameikodolea macho. Wiki sita alikuwa akimlaumu aliye juu, wala hakuuliza kama habari ilimfikia. Akavua koti, akamwachia mwenzake dirisha, akaenda nyumbani.

Alimkuta baba sebuleni anapiga pasi shati.

"Baba, mbona hunijibu?"

"Nikujibu nini?"

"Habari ya mchumba wangu."

Pasi ikasimama. "Una mchumba?"

Shangazi alikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi.

"Nilinyamaza mimi," alisema. "Miaka ishirini nyumba hii nimeishika mimi. Nikaona akija mke, mimi nitakwenda wapi?"

Alisema kweli, na kosa lilikuwa lake. Mfamasia akapiga simu, akaweka spika.

"Mpenzi, baba hakuwa anajua. Shangazi hakumwambia."

"Nimeshawajibu asubuhi," mhandisi alisema taratibu. "Nimekubali kazi. Naondoka Jumapili ijayo."

Mfamasia akaketi. Mzee akachomoa pasi ukutani, akaichukua simu.

"Binti, huko unakokwenda hospitali zipo?"

"Zipo, mzee."

"Basi mfamasia hatakosa kazi. Ila kabla hujaondoka, njoo tukuone. Na kwa wazazi wako nitakwenda mwenyewe. Simtumi mtu."

Kwenye simu mtu alicheka na kulia kwa pamoja. Shangazi aliingia chumbani kwake, wakamsikia akiburuta kitu juu ya kabati. Alirudi na sanduku kubwa la nguo, akalifuta vumbi kwa pindo la gauni lake, akaliweka mbele ya kijana aliyemlea.

"La kwako ni dogo," alisema. "Mtakuwa wawili."