Alama Tano, Mlango Mmoja

"Mvua imenyesha Kalama," sauti ilisema kwenye simu. "Panda leo."

Ikakatika.

Kamanthe aliirudisha simu mfukoni na kumtabasamia mteja aliyesimama mbele yake. Kalama hakukuwa na mvua. Kulikuwa na vumbi tu na jua kali, kama kwingine kote Machakos. Maana halisi ya maneno yale ilikuwa moja: Haas, mwandishi wa programu wa Selvo, ameingia nchini, na kifaa anacho.

"Ni bwana yako?" mteja aliuliza.

"Ni kazi, mama."

Dukani walimjua kwa jina la Mutanu. Alivaa fulana ya njano ya Selvo Mobile kama wauzaji wengine. Wasichokijua ni bastola ya Glock 26 iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu, na kisikilizi cha redio kidogo kama punje ya mbaazi kilichokaa ndani ya sikio lake la kushoto. Kitengo alichokitumikia hakikuwa na bango mlangoni. Wenzake katika idara nyingine waliwinda wezi wa benki na wauza bunduki. Yeye aliwinda wanaoiba soko zima.

Mteja aliitwa Kasyoka, mkulima kutoka Kalama, na hii ilikuwa simu yake ya kwanza ya kugusa kwa kidole. Kioo kiliwaka. Yakatokea maandishi: *Chagua kivinjari chako.* Chini yake, alama tano za rangi.

"Hizi ni nini, mwiitu wakwa, binti yangu?"

Kanuni mpya ya ushindani ilimtaka Kamanthe aeleze. Kivinjari ndicho mlango wako wa kuingilia mtandao. Milango iko mitano, ya kampuni tano, mmojawapo umetengenezwa na vijana wa hapa hapa Machakos. Chagua unaoutaka. Asikuchagulie mtu.

Meneja wa duka alitaka kitu kingine. Alitaka muuzaji abonyeze alama ya Selvo kabla mteja hajafungua mdomo. Na jasusi asiyeaminiwa na meneja hana kazi.

"Ni mapambo tu, mama," Kamanthe alisema.

Akabonyeza.

"Ni muvea muno," Kasyoka alishukuru kwa Kikamba. Aliipokea simu kwa mikono miwili, akaifunga ndani ya leso, akatoka dukani akiwa na furaha.

Aibu ilimpanda Kamanthe shingoni kama joto la homa. Na kibaya zaidi, alikuwa hodari wa kazi hii. Picha yake ilibandikwa ukutani nyuma ya kaunta: Mfanyakazi Bora wa Mwezi.

"Si ungemwambia tu?"

Aliyesema alikuwa Pauline Wagaki, muuzaji wa kaunta ya pili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya.

"Meneja angeniona."

"Aone. Mimi huwaambia wote. Ni simu ya mama, si ya meneja."

Pauline alikuwa ameshaonywa kwa hilo, tena mbele ya watu. Hakubadilika. Lakini Selvo walimhitaji, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akienda Athi River kuchukua mzigo wa duka kwenye godauni la kampuni, ndani ya EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje. Kwa hiyo alikuwa na kadi ya mlango.

Kadi hiyo Kamanthe alishaiiba.

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwa Pauline huko Mlolongo. Pauline alikuwa jikoni akipika chapati na ndengu. Mkoba wake ulikuwa kwenye kochi, wazi, kama mkoba wa mtu aliyemkaribisha rafiki. Kamanthe alipitisha juu yake kifaa kilichofanana na lipstiki. Taa ya kijani iliwaka mara moja. Imenakiliwa.

"Ongeza chapati, hujakula," Pauline alimwambia mezani. "Aki wewe umekonda. Hiyo kazi itakumaliza."

Aliongeza. Alikula.

*

Gari la Kamanthe, Probox nyeupe, lilishuka kuelekea Athi River kwa kasi.

"Nzuki, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Muigai, mkuu wake, sikioni, ikimwita kwa jina lake la siri.

"Nakusikia."

"Wakaguzi wa serikali wanafika godauni mchana huu. Haas yuko ndani sasa hivi. Anazisafisha simu ili ziwadanganye."

Mpango ulikuwa wa kishetani, na rahisi. Simu za zamani zilitegemea vidole vya wauzaji kama Kamanthe. Shehena mpya haikuhitaji vidole. Mtu angechagua alama yoyote kati ya tano, na alama hiyo angeiona kwenye simu yake kila siku. Lakini akiibonyeza, ndani angefunguliwa kivinjari cha Selvo kilichovaa sura ya mwenzake. Kingesoma anachotafuta, anachonunua, anachomwandikia daktari wake. Alama tano, mlango mmoja.

Kifaa cha Haas ndicho kilichoulaza uongo huo wakati wa ukaguzi, na kuuamsha baada ya wakaguzi kuondoka. Kilikuwa kimoja tu duniani. Kikipanda ndege pamoja naye jioni, hakuna mahakama ambayo ingeamini neno. Makampuni madogo yangekufa yakidhani wateja wameyakataa.

"Naingia kwa kadi," Kamanthe alisema. "Mashine yao itaandika jina la Pauline."

"Najua."

"Watamkamata."

"Tutamshughulikia baadaye."

"Baadaye lini, mkubwa?"

"Nzuki. Saa inakwenda."

Alikuwa na nafasi ya kugeuza gari. Alikuwa na nafasi ya kumpigia Pauline simu, kumwambia atoke dukani, aende popote.

Akakanyaga mafuta.

*

Mlango wa nyuma ulilia *bip* na kufunguka.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Maboksi yalipangwa hadi darini. Kamanthe alitembea kwa ncha za viatu, Glock mkononi, hadi alipoona mwanga wa samawati katikati ya godauni.

Mzungu mrefu mwenye shati jeupe alikuwa ameinama juu ya meza ndefu iliyojaa simu. Nyaya zote zilikutana kwenye kisanduku cheusi kisichozidi mche wa sabuni.

Haas.

Kamanthe aliinua saa yake ya Casio. Kamera iliyofichwa ndani yake ikaanza kurekodi. Alimwona Haas akichukua simu moja na kubonyeza alama ya kijani. Kikafunguka kivinjari cha kijani. Akagusa kisanduku. Akabonyeza alama ile ile tena.

Ikafunguka Selvo.

Haas alicheka peke yake.

Ndipo redio ya mlinzi ilipokohoa upande wa pili wa maboksi.

"Control hapa. Mlango wa nyuma umefunguliwa na kadi ya Wagaki. Na Wagaki yuko Machakos. Kwani nani ako huko ndani?"

"Sijaona mtu."

"Basi ameuza kadi. Ambia vijana wamtoe hapo dukani wamlete hapa. Akikataa, wamburute."

Kamanthe aliganda. Neno moja lingetosha. Angetoka alipo na kupaza sauti: si yeye, ni mimi.

Aliielekeza saa tena kwa Haas.

Haas alikuwa amesikia pia. Aling'oa nyaya zote kwa mkupuo mmoja, akakumbatia kisanduku na kukimbilia mlango wa mbele.

"Simama!" Kamanthe alipaza sauti.

Mlinzi alitokea na rungu. Kamanthe aliinama, rungu likapita juu ya kichwa chake, kiwiko chake kikaingia mbavuni. Mlinzi akakaa chini kama gunia.

Nje, injini ya Land Cruiser ilinguruma.

*

Mombasa Road. Malori, vumbi, honi.

Land Cruiser nyeusi iliyakata malori kama kisu. Probox ilifuata, ikiyumba, taa moja imeshavunjika.

"Anaelekea uwanja wa ndege!" Kamanthe alisema.

"Umbali?"

"Naona namba ya gari."

"Akiingia Expressway tumempoteza, Nzuki."

Mbele ilionekana Mlolongo. Magorofa ya kupangisha, nguo zikianikwa kwenye roshani, na foleni ndefu ya malori yakingoja mizani.

Kamanthe alijua gorofa mojawapo. Alikula chapati humo. Hakuinua macho.

"Mkubwa, una mtu kwa mizani?"

"Niko naye mmoja."

"Aruhusu lori la mawe liingie barabarani. Sasa."

"Kuna magari mengi hapo..."

"Sasa!"

Lori la machimbo, limejaa mawe ya kujengea, lilitoa pua yake kwenye foleni na kukata barabara polepole.

Breki za Land Cruiser zilipiga mayowe. Gari lilizunguka, likagonga ukingo wa zege, likazimika kwa moshi.

Haas alitoka akichechemea. Aliiona Probox inakuja. Aliliona lori likiendelea kusonga.

Akatupa kisanduku chini ya magurudumu yake.

Kamanthe aliruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama. Aliteleza kwa tumbo juu ya lami. Mkono wake ukapita mbele ya tairi, vidole vikafunga. Akajivuta nyuma. Tairi likakanyaga upindo wa fulana ya njano na kuupasua.

Alikuwa hai. Kisanduku alikuwa nacho.

Alisimama na kumwelekezea Haas bastola.

"Mikono juu."

Haas aliinua mikono taratibu. Akamtazama, kisha akatabasamu.

"Nakujua wewe," alisema kwa Kiswahili cha kujifunza darasani. "Picha yako niliiona ukutani Machakos, safari yangu iliyopita. Mfanyakazi Bora. Mimi ninaandika programu tu. Wewe umewabonyezea kwa kidole chako."

Kamanthe alikuwa na majibu mengi. Amri. Kazi. Taifa.

Alimfunga pingu.

*

Wakaguzi walipofika godauni, Muigai aliwaweka mbele ya meza ile ile na kukiwasha kisanduku. Walibonyeza alama ya kijani, ikafunguka Selvo. Walibonyeza ya bluu, ikafunguka Selvo. Mkaguzi mmoja alirudia mara nyingi, kama mtu asiyeamini macho yake. Kisha akaagiza shehena yote ifungwe kwa lakiri, na meneja mkuu wa Selvo akaondoka katikati ya polisi wawili, akifunika uso kwa koti.

"Kazi safi," Muigai alimwambia Kamanthe. "Gari linakungoja nje. Pita mlango wa pembeni, usionekane."

"Pauline yuko wapi?"

"Nimeamuru aachiliwe."

"Yuko wapi?"

Muigai alishusha pumzi. "Kwa geti. Lakini hiyo si kazi yako."

Kamanthe alipita mlango wa mbele.

Pauline alikuwa amekaa juu ya ukingo wa saruji karibu na geti, kiatu kimoja mguuni, kingine hakipo. Mkono wa fulana yake ya njano ulikuwa umechanika. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba. Alipomwona Kamanthe, uso wake ulijaa nafuu, na nafuu hiyo ilimchoma Kamanthe kuliko kofi.

"Mutanu! Aki Mungu ni mwema. Na wewe wamekushika? Fulana yako imefanya nini? Wanasema ati nimeuza kadi. Nimewaapia. Kadi iko kwa mkoba wangu, haijawahi kutoka. Ona, hii hapa."

Aliinyoosha.

"Ni mimi niliyeinakili," Kamanthe alisema.

"Ati?"

"Jumapili. Ukiwa jikoni. Ninafanyia serikali kazi. Na jina langu si Mutanu."

Pauline aliurudisha mkono polepole. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Bastola. Pingu za ziada kiunoni. Kisha uso.

"Na leo ukiingia hapa, ulijua watanifuata?"

Angeweza kudanganya. Alifundishwa kudanganya na watu waliobobea.

"Nilijua."

Pauline aliirudisha kadi mkobani.

"Hiyo maneno ya simu," alisema, "mimi nimepigana nayo pale dukani kila siku. Peke yangu. Ungeniambia tu. Kadi ningekupa na mkono wangu. Hata huo mlango ningekufungulia."

"Nisingeweza kuhatarisha..."

"Hukujaribu."

Kamanthe alimsogelea.

"Nisamehe, Pauline. Tafadhali. Naomba uniruhusu nikupeleke hospitali."

Pauline aliinuka. Alikivua kile kiatu kimoja, akakishika mkononi.

"Saa hii ndio unaniuliza?"

Akaondoka peku, kando ya ukuta wa EPZ, akielekea stendi. Hakugeuka.

Kamanthe alisimama hapo mpaka alipompoteza kati ya wafanyakazi wa viwanda waliokuwa wakitoka zamu. Kisha alivaa miwani yake ya Ray-Ban, ingawa jua lilikuwa limeshaingia mawinguni, na kutembea kuelekea gari. Mgongo wima. Hatua za polepole. Kama walivyomfundisha.

Askari wa getini, aliyekuwa ameshasikia habari za lori na kisanduku, alipiga kisigino na kumpa saluti.

Kamanthe alipita bila kuirudisha.