Aliyehudhuria kwa Jina la Profesa

Nianze na kosa langu, maana Mungu analijua tayari na sina sababu ya kulizungushia maneno. Kwa miezi mingi nilisema uongo kwa kidole. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha kompyuta katika chuo cha ualimu. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kudeki, kuwasha mashine ishirini na kuwafukuza wanaokula ndani. Shule niliishia darasa la saba, ila wanafunzi walinifundisha kitu kimoja. Somo la mtandaoni likianza saa nane mchana, kwenye kioo huchomoza kitufe kilichoandikwa NIPO. Ukikibonyeza, jina lako linaingia kwenye mahudhurio. Wao walikuwa vitandani au mjini, na mimi nilipita mashine hadi mashine nikiwabonyezea. Wakanibatiza Mama Nipo. Nami nilicheka, nikaona napendwa.

Niliyembonyezea kuliko wote ni binti wa dada yangu. Nyumbani tulimwita Profesa, kwa kuwa ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo. Saa nane yeye alikuwa chumbani kwake, akijirekodi anavyojipaka uso, kwa ajili ya wafuasi wake wa simuni.

"Mamdogo, nibonyezee na leo," aliniambia asubuhi. "Neno la siri unalo."

"Na mwalimu akikuuliza swali?"

"Hataniuliza. Kamera imezimwa, sauti imezimwa. Sisi kwake ni majina tu, mamdogo, kama orodha ya wadaiwa wa duka."

Siku moja saa nane ilinikuta bado nadeki, mikono imejaa sabuni. Chumba kilikuwa kitupu. Nikasema kwa mzaha, kama mtu anayesema na ukuta, "Jamani, yeyote aliyemo humu ambonyezee Profesa."

Nilipogeuka, kitufe kwenye mashine ya tisa kilikuwa kimeshabonyezwa, kwa jina la Profesa.

Kibodi yake ilikuwa imelowa. Haikuwa maji. Ulikuwa ute unaovutika kama bamia iliyokatwa, na ulinuka kinywa cha mtu aliyelala siku tatu na nyama katikati ya meno. Nikafuta kwa kitambaa, kitambaa nikakitupa. Nikajiambia kuna mwanafunzi mchafu alikula pale akaniachia mate yake.

Kesho yake mashine ya tisa ilijibonyeza tena, na keshokutwa. Astaghafirullah, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nimepunguziwa kazi.

Wiki ya tatu nilivaa hedifoni za mashine ile. Mhadhiri alikuwa akiuliza swali, na sauti ya Profesa ikamjibu, taratibu, kwa maneno ya kitabu ambacho Profesa hakuwahi kukifungua. Nyuma ya sauti kulikuwa na kutafuna, kutafuna kwa kitu chenye maji, kama mtu anayenyonya uboho. Nikatazama kisanduku chenye jina lake. Kamera ilikuwa imewashwa. Uso ulikuwa wake, hata kidoti cha shavuni, ila ulimi ulikuwa ukizunguka nje ya midomo ukilamba kioo kwa ndani, na ukiacha alama.

Nilivua hedifoni. Masikio yangu yalikuwa yanateleza kwa ute.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Matokeo ya mitihani ya muhula, nayo ya mtandaoni, yalitoka, Profesa akawa wa kwanza darasani, na dada yangu alilia kwa furaha hadi akashindwa kula. Profesa alinitazama kutoka ng'ambo ya meza.

"Mamdogo," alinong'ona mama yake alipokwenda jikoni, "ulinifanyia mtihani?"

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Basi nani?"

"Kula, mwanangu."

Nilinyamaza kwa sababu kile kitu kilikuwa kinafaulu. Nikikumbuka hilo nachukia mate yangu mwenyewe.

Kisha Profesa akaanza kupungua. Sisemi kukonda. Alikuja kwangu na simu yake, akanionyesha video aliyojirekodi asubuhi ile: ukuta, kiti, na brashi ya poda, lakini mtu hayumo. Akajirekodi mbele yangu na tukaangalia pamoja, hayumo. Jumapili ile dada yangu alipakua chakula sahani mbili badala ya tatu, na Profesa alipovuta kiti mama yake aliendelea kuzungumza na mimi huku macho yake yakipita katikati ya binti yake kama yanavyopita dirishani, halafu akageukia korido akaita, "Profesa, chakula kinapoa," akaita mara ya pili na ya tatu, na mtoto amesimama hatua moja kutoka kwake akisema, "Mama, niko hapa, mama, nitazame," kwa sauti iliyokuwa ikififia kila neno, na chumba kizima kikinuka kile kinywa cha nyama ya siku tatu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimwendea ustadha anayefundisha watoto Kurani mtaani kwetu, mwanamke mnene mwenye pumu na simu ya vitufe, asiyependa upuuzi. Nilimweleza yote. Saa nane tuliketi watatu mbele ya mashine ya tisa.

"Huyo binti yuko wapi?" aliuliza.

"Umemshika mkono, ustadha."

Alitazama mkono wake, akaanza kusoma. Alisoma mpaka kifua kikabana. Uso ndani ya kisanduku ulisikiliza kwa adabu kama mwanafunzi mzuri, kisha kibodi ikaanza kubonyea yenyewe, kila herufi ikitoa ute mweupe uliotiririka mezani hadi magotini mwetu, na kwenye kioo yakaandikwa maneno haya: *Nimehudhuria siku tisini na moja. Yeye hajahudhuria hata moja. Muulizeni mwalimu nani yupo.*

Ustadha aliacha kusoma.

"Dua yangu haitoshi," alisema polepole. "Huyu hakuvunja mlango. Ameshuhudiwa. Kila ulipobonyeza, na kila kilipobonyezwa ukanyamaza, ulitoa ushahidi kwamba aliye ndani ni yeye. Nenda kwa uliyempa ushahidi wa uongo, ukautengue. Wote wawili mwende."

"Wakifuta mahudhurio narudia mwaka mzima," Profesa alisema. Ilibidi tusogeze masikio. "Na mama ameshawaambia wote."

"Mama yako amewaambia kuhusu mtoto wake," ustadha alimjibu. "Jana alikuwa hamwoni."

Profesa aliinuka mwenyewe. Nilichukua ndoo yangu ya kudekia, sijui kwa nini, tukaenda.

Mhadhiri alikuwa kijana mwenye tai. Alicheka kwanza. "Huyo ndiye mwanafunzi wangu bora, mama. Nani analeta masihara?"

"Mimi nilimbonyezea," nilisema. "Na siku nyingine sikubonyeza mimi, nikaacha."

"Na mwenyewe anasemaje? Mbona hakuja?"

Profesa alikuwa ameketi mbele yake, magoti yakigusa meza. Akavuta pumzi yote aliyobakiwa nayo akasema, "Sikuwepo, mwalimu. Hata siku moja sikuwepo."

Mhadhiri aligeuza shingo kama aliyesikia mbu. Akaacha kucheka. Akafungua orodha, akaanza kufuta, siku moja baada ya nyingine, na kila alipofuta Profesa aliinamia ndoo akatapika, ute wa kijivu, nywele, vipande vya nyama ambavyo hakuna aliyevila nyumbani kwetu, na mimi nimemshika paji la uso, nikihesabu kwa sauti ili nisilie. Kwenye arobaini mhadhiri aliinua macho akasukuma kiti nyuma.

"Wewe binti umeingia saa ngapi?"

"Endelea, mwalimu," nilimwambia. "Usisimame."

Ya tisini na moja ilipofutika, ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Niliimwaga shimoni na ndoo yenyewe nikaichoma. Jioni dada yangu alifungua mlango, akamtazama binti yake juu hadi chini na kusema, "Mbona umechafuka hivyo?" Profesa alimkumbatia akakataa kuachia.

Mimi nilifukuzwa kazi, ni haki. Profesa anarudia mwaka, anahudhuria kwa miguu yake, anapata alama za kawaida.

Lakini wiki iliyopita mhudumu aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu. "Yule mpwa wako ananiandikia," alisema. "Anaomba leo nimbonyezee. Nimfanyie?"

Profesa alikuwa ameketi mkekani mbele yangu, akichambua mchele. Simu yake alishaivunja tangu siku ile.

Nilimwambia yule mama asibonyeze, na nakuomba na wewe. Mtu akikuandikia useme yupo mahali asipokuwepo, hata awe mtoto wako wa kumzaa, tafadhali kataa.