Ngome Niliyoichora Nyuma ya Mouhidine

Kamba zilishafunguliwa. Meli ilikuwa inaiacha bandari ya Mutsamudu, inakwenda Majunga, mara boti ya askari ikatukata njia...

Wakapanda. Askari wawili wa kwetu na mzungu mmoja, katika wale mamluki waliotukalia shingoni miaka hiyo. Ilikuwa 1985.

Mzungu alishika picha. Anamtazama abiria, anatazama picha, anamwendea mwingine.

Akasimama kwa Mouhidine.

Mouhidine aliiona ile picha. Akanigeukia mimi, mimi niliyemtafutia nafasi melini.

"Fundi... kumbe wewe?"

Walimshusha mikono nyuma. Meli ikaendelea na safari, na mimi ndani.

Jamani, nisikilizeni kwanza, mtanitukana baadaye.

Uchoraji sikuusomea. Nimezunguka Zanzibar, Tanga, Majunga, naokota kidogo huku na kidogo kule. Moroni niliandika mabango ya maduka. Sura nilichora kwa kupenda tu, kutoka kwenye picha za watu. Napiga mistari ya penseli juu ya picha, inagawanyika miraba midogo, halafu nahamisha mraba mmoja mmoja kwenye ubao.

Bi Zaitoun wa Ntsoudjini aliniletea picha ya mwanawe. Mouhidine alisambaza karatasi za kuwapinga mamluki, akatoroka. Miaka mitatu mama hajamwona. Picha yenyewe ya shule, ndogo kama kidole gumba.

Nikamnong'oneza kwamba nimemwona safarini. Yuko Mutsamudu, kisiwa cha pili, anabeba magunia bandarini kwa jina lingine.

Alinishika mkono, hakuuachia.

"Basi usinichoree mtoto wa shule, mwanangu. Nichoree alivyo sasa, nimzoee. Nisije nikampita njiani."

"Amekonda, mama. Na ndevu anazo."

"Mkondeshe basi. Lakini si sana."

Nikamtia ndevu. Nikamtia kovu la kwenye nyusi. Picha haikuwa na rangi, kwa hiyo ngozi niliichanganya mara nne mpaka Bi Zaitoun akasema, hapo hapo.

Kilichonikera ni nyuma yake. Kwenye picha palikuwa na ukuta mtupu. Hakuna aliyeniomba, lakini nikaweka magunia, na juu yake nikaisimamisha ngome ya Mutsamudu, kama nilivyomwona siku ile.

Ilipendeza, wallahi.

Nikautundika ubao barazani ukauke. Ungekauka hata ndani. Nilitaka watu waone.

Akapita mzungu na kamera. Akasifu sana. Akauliza huyu nani, nikasema ni sura ya kichwani mwangu tu. Akaniambia nisimame pembeni ya mchoro anipige picha.

Nikasimama. Nikacheka...

Baada ya siku mbili roho haikutulia. Nikampelekea Bi Zaitoun mchoro wake, nikavuka kwenda Mutsamudu, nikamtafutia Mouhidine nafasi ya Majunga, tukapanda wote. Sababu sikumwambia. Niliona aibu.

Picha nayo ilikuwa imeshavuka.

Ndiyo ile aliyoishika mzungu melini. Mouhidine na ndevu zake, ngome nyuma, na mimi kando, meno nje.

Nilirudi baada ya miezi miwili. Mchoro ulikuwa ukutani kwa Bi Zaitoun. Akaniuliza kama namjua aliyemuuza mwanawe.

"Simjui, mama."

Akanishukuru kwa zile ndevu.

Ninyi mnaorusha humu sura za watu na mahali walipo, jiulizeni kwanza nani mwingine anaangalia. Mimi sikumuuza mtu. Nilitaka kusifiwa tu, na ilitosha.

Mouhidine alifia gerezani mwaka 1987, wakasema homa. Bi Zaitoun alifariki mwaka uliofuata. Yule mzungu wa kamera aliondoka na mamluki wenzake 1989. Mimi niko Tanga, naandika mabango, sura sichori. Mchoro uko Mvouni kwa Nadjati, dada yake Mouhidine. Huwa anasoma ukurasa huu. Alikuwa hajui.